Mabaki ya kibandani, mbwa wa mtaa na tumbili wa kwenye mawe: nani alishwe?

SWALI: Daktari, nauza chakula Kirumba, hapa Mwanza, karibu na soko la samaki la Mwaloni, ila naishi Kitangiri, juu kwenye mawe. Kijana wangu Baraka anasoma Finland. Hunitumia picha za watu wanaowawekea ndege mbegu na mafuta wakati wa theluji, nikaona na mimi nifanye hivyo kiangazi hiki maana mabaki ninayo. Tangu Juni naweka nyuma ya nyumba ugali, wali, mapanki (mifupa ya sangara iliyobaki baada ya kutolewa minofu) na mchuzi uliobaki. Sasa wanakuja mbwa watano, mmoja ana mimba, paka sijui wangapi, kongoti wawili, na tumbili wameanza kushuka kwenye mawe hadi dirishani. Wiki iliyopita mbwa mmoja alimparua mtoto wa jirani mguuni kwa jino, damu ikatoka kidogo tu. Jirani anasema naleta magonjwa, na kwamba atawawekea sumu. Je, niache, au ipo namna ya kuwalisha? – Mama Baraka, Kitangiri

JIBU: Mama Baraka, shikamoo.

Kuna swali moja hukuliuliza, nalo ndilo la kwanza: mtoto wa jirani amepelekwa hospitali? Kama bado, nenda na mama yake leo hii. Jino la mbwa asiye na chanjo likitoa damu, hata tone moja, sisi tunalihesabu kuwa jeraha kubwa kwa upande wa kichaa cha mbwa. Mtoto anahitaji chanjo kwa ratiba yake yote, na daktari ataamua kama achomwe pia kingamwili kwenye kidonda. Wiki kupita isiwakatishe tamaa. Virusi vya ugonjwa huu hutambaa polepole kwenye mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni. Mara nyingi huchukua miezi miwili au mitatu, wakati mwingine wiki moja, wakati mwingine hata mwaka. Chanjo inatakiwa itangulie. Dalili zikishaanza hakuna tiba, na karibu kila mgonjwa hufa.

Likitokea tena, kimbilia bomba au ndoo na kata: maji yanayotiririka pamoja na sabuni, dakika 15 nzima, kisha dawa ya kuua vijidudu, kisha hospitali. Kidonda kisipakwe mafuta ya taa, tumbaku, pilipili wala majani. Kuosha peke yake huondoa virusi vingi, na watu wengi hukiruka kwa sababu kinaonekana kitu kidogo.

Mbwa aliyemparua asifukuzwe wala asiuawe, maana tunataka kumwona. Mbwa aliyekuwa na virusi mateni siku ya kuuma huugua waziwazi au hufa ndani ya siku 10. Akiwa bado anakuja kula siku ya 11, mchangamfu kama zamani, mpelekee habari hiyo daktari anayemtibu mtoto, naye anaweza kusimamisha sindano zilizobaki. Ila msisubiri siku hizo ziishe ndipo muanze chanjo. Mtoto anaanza sasa, mbwa anaangaliwa huku.

Kwa kuwa unawapa mapanki, kuna dalili moja nataka uijue vizuri. Kichaa cha mbwa hakiji kila mara kwa ukali na kukimbiza watu. Mara nyingine mbwa hupooza taya: mdomo unaning'inia, mate yanachuruzika, hawezi kumeza, sauti imebadilika. Anayemlisha samaki atasema mwiba umemkwama kooni, na kwa huruma ataingiza mkono mdomoni autoe. Usifanye hivyo kamwe kwa mbwa usiyejua chanjo yake. Mfungie mahali bila kumgusa, zuia watoto, mwite afisa mifugo wa kata.

Sasa chakula. Wanyama uliowataja ni makundi mawili, na majibu yangu kwao yanapishana kabisa. Mbwa na paka ni wanyama wa watu. Hakuna mbuga inayowangoja wala mawindo ya kuwatosha pale mtaani; wanaishi kwa mabaki yetu, na wapo kwa sababu mtu fulani aliwafuga akawaacha, au aliacha jike lake lizae ovyo. Hao walishe, na ninakushukuru kwa kuwaona. Kongoti, tumbili, pimbi na ndege wadogo ni wanyamapori, na chakula chako kinawaharibia zaidi ya kinavyowasaidia. Hao wape maji, wape miti.

Kwa mbwa nina sharti moja: anayekula kwako achanjwe. Nalisisitiza kwa sababu sahani yako inaweza kufanya kazi ambayo sisi wataalamu hutushinda. Siku ya chanjo mbwa mwenye mwenyewe huja amefungwa kamba. Mbwa asiye na mtu hukimbia tukishuka tu kwenye gari, na hakuna anayeweza kumshika. Wewe unaweza. Walishe saa ileile kila siku, mahali palepale, ukiwa umekaa karibu. Wakizoea, anza kuwagusa shingoni wakiwa wanakula; baada ya muda uvishe mkanda wa kitambaa cha rangi, kisha kamba. Mbwa wa mtaani aliyefikia hapo huchomwa sindano kwa sekunde chache akiwa bado ana tonge mdomoni. Ongea na afisa mifugo wa kata mapema mpange siku. Pia sikiliza matangazo ya Septemba, kwa kuwa tarehe 28 mwezi huo ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na kampeni nyingi za chanjo hupangwa kuizunguka. Chanjo hurudiwa kila mwaka, na rangi ya mkanda itakukumbusha nani tayari na nani bado.

Hili ndilo jibu la kumpa jirani pia, maana hofu yake ina msingi. Duniani ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu asilimia 99 huupata kwa mbwa. Kati ya wanaokufa kumi, wanne hivi ni watoto wa chini ya miaka 15. Ila sumu haitamlinda mwanawe. Ukiua mbwa watano wa Kitangiri, mabaki yatabaki palepale, na wengine watakuja kujaza nafasi kutoka Kirumba na Pasiansi, wageni ambao hakuna anayejua historia yao. Kinachozuia ugonjwa ni kuchanja walau mbwa 70 katika kila 100 wa eneo. Wakifika hapo virusi hukosa pa kupita. Na nyama ya sumu haichagui. Paka ataila, mwewe ataila, kuku ataiokota, na mtoto anaweza kuishika. Kuwatesa na kuwaua wanyama kikatili kunakatazwa pia na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Mwambie kwa upole, mkiwa mmetoka hospitali pamoja, siyo kwa kumtishia.

Mbwa wa kanda yetu nawasisitizia kwa sababu nyingine pia. Mwaka 1994 ugonjwa wa mbwa uitwao distempa uliingia Serengeti ukaua karibu theluthi moja ya simba wake, simba wapatao 1,000. Mbwa wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi walitajwa kuwa chanzo kikubwa. Hifadhi hiyo upande wa magharibi inakaribia Ghuba ya Speke, ziwa letu hilihili la Victoria, na mbwa husafiri na watu kwenye malori na mitumbwi. Ukipata chanjo inayojumuisha distempa kwa bei unayoiweza, chukua. Ukikosa, ya kichaa cha mbwa ndiyo isiyokosekana. Wape na dawa ya minyoo kila baada ya miezi mitatu, maana mayai ya minyoo yao hukaa kwenye mchanga wanakocheza watoto.

Sahani yenyewe irekebishe. Mchuzi uliobaki kibandani acha kuwapa. Una vitunguu maji, vitunguu saumu na chumvi nyingi, na vitunguu, vikiwa vibichi au vimepikwa, huvunja chembe nyekundu za damu za mbwa, na za paka zaidi. Mnyama hudhoofika taratibu, ufizi unapauka, na mtu hudhani ni njaa akazidi kumpa mchuzi. Wali na ugali mtupu havina shida. Mbwa huyeyusha wanga vizuri, na mbwa wetu wamekulia ugali vizazi na vizazi, ila peke yake haumtoshi. Changanya na dagaa. Wale waliovunjikavunjika chini ya gunia, ambao hawauziki kwa mteja, wanafaa sana: pepeta mchanga, osha mara mbili tatu, chemsha bila chumvi, korogea ugali wa dona humohumo. Mbwa wa kawaida wa mtaani, wa kilo 15 hivi, nusu kilo ya mchanganyiko huo uliopikwa kwa siku ni msaada mkubwa.

Mapanki nayo usiyatupe jinsi yalivyo. Mifupa ya sangara ni migumu na yenye ncha, na nimeona matumbo yaliyotobolewa nayo. Chemsha panki mpaka nyama iachie, chambua kwa mkono, wape nyama na supu. Usiwape samaki wabichi kila siku, kwani baadhi ya samaki wana kitu kinachoharibu vitamini B1, na moto hukimaliza. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vipande vyenye makali. Hiyo iende shimoni.

Halafu unga. Kuna watu wema wanaonunua pumba au unga uliopata ukungu kwa bei ya chini, wakisema "ni wa mbwa tu." Ukungu huo hutoa sumukuvu, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125 nchini Kenya, na ini la mbwa huharibika kwa sumu hiyohiyo: anakataa kula, macho yanageuka njano, anatapika, anakufa. Unga usioweza kuukorogea watoto wako usimpe mbwa.

Paka wana jambo lao. Mwili wa paka hauwezi kujitengenezea taurini ya kutosha, kirutubisho kinachopatikana kwenye nyama na samaki tu. Paka wa ugali na wali hupungukiwa taratibu, na mwisho huwa ni upofu au moyo kuchoka. Kwa hiyo paka apewe dagaa waliochemshwa au nyama ya panki, wanga uwe kidogo sana. Maziwa wengi huwaharisha wakishakua. Wawekee juu ya ukuta au jiwe, mbali na mbwa, ule muda ambao mbwa wanakula, na hapo hakutakuwa na ugomvi.

Baada ya nusu saa, ondoa sahani zote, osha, fagia. Nasema hivi kwa mkazo kwa sababu nusu ya lawama za jirani zinatokana na kinachobaki chini. Masalia ya usiku huita panya, panya huita nyoka, na kwenye mawe ya Kitangiri nyoka hakosi pa kulala. Matumbo ya samaki usiyapeleke kuyatupa ufukweni ukidhani unasafisha. Harufu yake huvuta kenge na mamba pale ambapo watu wanachota maji na kuoga. Yafukie.

Nije kwa wanyamapori, na kwa picha za Baraka. Wanachofanya watu wa Finland kina sababu yake. Helsinki kuelekea mwisho wa Desemba jua halikai hata saa 6 angani. Ndege mdogo anapaswa kupata ndani ya saa hizo mafuta ya kumpitisha usiku mrefu wa baridi kali, huku ardhi imefunikwa theluji na wadudu hawapo. Usiku mmoja humla sehemu kubwa ya akiba ya mwili, na mbegu alizowekewa zinaweza kuamua kama ataamka. Sisi tuko chini kidogo ya Ikweta. Mchana wetu una saa 12 hivi mwaka mzima, na hata usiku wa Julai hauna baridi ya kumuua shomoro. Kiangazi chetu, Juni hadi Septemba, hukausha majani na madimbwi, lakini wadudu wapo, mbegu za nyasi zipo, ziwa lipo. Wapo hata ndege wa Ulaya wanaoukimbia huo msimu wa baridi na kuja huku: kuanzia Oktoba utawaona mbayuwayu wakikata hewa juu ya maji, wakiwala wale wadudu wadogo wanaoinuka ziwani kama moshi. Hawahitaji chochote kutoka kwetu.

Na hata Ulaya sahani za ndege zina madhara yake. Uingereza, tangu mwaka 2005, ugonjwa wa koo unaosambaa kwenye vyombo vya kulishia na kunywesha umepunguza vibaya aina moja ya ndege wadogo wa kijani waliokuwa wengi sana bustanini. Kwetu ugonjwa wa kuogopa ni kideri. Njiwa na hua wanaweza kuubeba, na ukiwamwagia mtama uani wakala pamoja na kuku, unawakutanisha. Kuku wa jirani wakifa, lawama itakuwa kwako, na safari hii itakuwa ya haki.

Maji ndiyo ya kuwapa. Chukua sahani pana ya udongo, isizidi kina cha vidole viwili, weka jiwe katikati ili anayeteleza apate pa kukanyaga, iweke kivulini mahali ambapo paka hawezi kuvizia. Mwaga na sugua kila asubuhi. Maji yakikaa wiki yatazaa mbu, na mtaa wako hauhitaji mbu zaidi. Utapata chiriku, hua, mnana, na mchana wa jua kali hata nyuki.

Kongoti wale wawili acha kabisa kuwapa. Najua wanatia huruma kwa kipara chao na ule mfuko wa shingoni, lakini hawana njaa. Ni ndege wa mizoga na taka, na Mwaloni kunawatosha. Akizoea mikono ya watu hawezi tena kutofautisha samaki na kamba ya nailoni, ndoano au plastiki yenye harufu ya samaki, naye humeza vyote. Ni ndege mwenye mabawa yanayoweza kupita mita mbili na nusu na mdomo mzito. Karibu na mtoto anayeshika kipande cha samaki si salama. Ukiondoa sahani ndani ya nusu saa na kukaa pale mbwa wanapokula, watajiondokea.

Tumbili ndio wenye kazi. Walichojifunza tangu Juni ni kwamba dirisha lako lina chakula, na hatua inayofuata ni kuingia. Tumbili aliyezoea kupewa huanza kudai, na huwatambua upesi wale wasioweza kumkabili, hasa watoto. Meno yake ni marefu kuliko watu wanavyodhani, na akiuma unarudi palepale kwenye sabuni, dakika 15 na chanjo. Sisi nasi tunaweza kuwaambukiza kifua kikuu na magonjwa mengine kupitia makombo yetu. Acha kuwapa mara moja, kwa mkupuo, na nyumba zote za jirani zifanye vivyo hivyo. Wiki za mwanzo watazidi usumbufu: watapiga mabati, watavuta nyavu, watakaa dirishani wakikutazama. Watu wengi hushindwa hapo wakatupa ndizi moja waondoke, na ile ndizi moja huwafundisha kwamba kusumbua kunalipa. Vumilia. Weka wavu wa chuma dirishani, funika pipa la taka kwa mfuniko na jiwe, usianike maembe wala dagaa bila mtu. Ukikutana naye uso kwa uso usimkodolee macho wala kumwonyesha meno, kwake hiyo ni shari. Rudi nyuma taratibu.

Miti itawasaidia kuliko mkono wako. Palipo na nafasi kati ya mawe, mbali na paa, panda mkuyu au mkwaju. Tumbili hula matunda na majani yake, ndege hupata wadudu na pa kujenga, na wewe utapata kivuli. Pimbi hawahitaji kitu, maji mengi huyapata kwenye majani wanayokula, na kule kuota jua asubuhi juu ya mawe ni namna yao ya kupasha mwili, si dalili ya ugonjwa. Yule mjusi mwenye kichwa chekundu na mwili wa buluu naye mwache. Jina lake la kisayansi, Agama mwanzae, limetokana na mji wetu, na anakula wadudu wanaokukera.

Limebaki jike lenye mimba. Mbwa hubeba siku 63 hivi, kwa hiyo kama tumbo unaliona tayari, hazijabaki wiki nyingi. Mtafutie kona kavu mbali na njia ya watoto, weka gunia, mwongezee dagaa, na akizaa mtu yeyote asimsogelee siku za mwanzo, hata wewe peleka chakula ukaweke na kuondoka. Jike lenye watoto huuma hata mtu anayempenda. Wakati wananyonya chakula chake kinaweza kuhitaji kuongezwa mara mbili au tatu ya kawaida. Watoto wakifikisha wiki 8 wanaweza kugawiwa, na wape watu unaojua watawachanja, maana chanjo ya kichaa cha mbwa ni muhimu kwa mtoto wa mbwa pia; ulizia hata kama hajafika miezi mitatu. Maziwa yakishamkauka, muulize daktari wa mifugo gharama za kumfunga kizazi, kabla hajapata joto jingine. Asipofungwa anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Kama fedha ni ngumu, wachangishe majirani wawili watatu, na huyo anayelalamika awe wa kwanza kuombwa, kwa kuwa ndiye atakayenufaika zaidi mbwa wakibaki watano.